Siku Ardhi Ilipoteleza kwa Ubavu

Jumatano ya tarehe 11 Aprili 2012, saa 5:38 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, sakafu ya Bahari Hindi ilipasuka magharibi ya kisiwa cha Sumatra kwa tetemeko lenye ukubwa wa 8.6. Mimi nilikuwa nyumbani Mji wa Kale, Mombasa, likizoni kutoka chuo kikuu nilikokuwa nikisomea jiolojia, na habari ilinifikia kupitia redio ya ami yangu, nahodha mstaafu ambaye magoti yalikuwa yamemhamisha kutoka chomboni hadi barazani. Mtangazaji alisema kwamba nchi zinazopakana na Bahari Hindi, Kenya ikiwamo, zimewekwa katika tahadhari ya tsunami, na kwamba watu waondoke ufuoni.

Ami hakuhitaji kufafanuliwa tsunami ni kitu gani. Tarehe 26 Desemba 2004 alikuwa ameyaona maji ya mlango wa bahari yakijaa na kupwa mara kadhaa katika muda mfupi, jambo ambalo umri wake wote wa baharini haukuwahi kumwonyesha. Tetemeko la siku ile lilikuwa na ukubwa wa 9.1, na mawimbi yake yaliikata bahari nzima, yakaua mamia ya watu Somalia na mtu mmoja huku Kenya. Kwa hiyo hakuniuliza maswali ya kitabuni.

"Mwanangu, wewe ndiye usomaye mambo haya. Maji yaja au hayaji?"

"Ami, ukubwa peke yake hautoshi kutwambia. Ni lazima tujue ardhi imekwenda upande gani."

Jibu hilo halikumridhisha, na hakuwa na sababu ya kuridhika nalo, maana lilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili niliifuata katika saiba moja ya Barabara ya Digo. Mwaka 2004 bamba la dunia lililobeba bahari, yaani kipande kikubwa mno cha gamba la miamba la dunia, lilikuwa likididimia chini ya Sumatra. Lilipojinasua, sakafu ya bahari iliinuka kwa mita kadhaa katika eneo lenye urefu wa zaidi ya kilometa 1,000, na maji yote yaliyokuwa juu yake yakainuliwa pamoja nayo. Safari hii kitovu kilikuwa nje ya mpaka huo wa mabamba, ndani ya bamba lenyewe, katika Bonde la Wharton lililo chini ya bahari. Tovuti ya Shirika la Jiolojia la Marekani ilionyesha duara lililogawanywa robo nne, nyeusi na nyeupe kwa zamu, mchoro ambao mwanafunzi yeyote wa fani hii huusoma mara moja: ufa umesimama karibu wima, na pande zake mbili zimepishana kwa ubavu bila upande mmoja kuupanda mwingine.

Nikiwa bado mbele ya kompyuta, saa 7:43 mchana, likatokea la pili, lenye ukubwa wa 8.2. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba tetemeko kubwa zaidi miongoni mwa yale yanayofuata huwa pungufu ya lile kuu kwa kiasi cha 1.2 hivi, lakini hapa pengo lilikuwa 0.4 tu. Hilo nalo lilikuwa la kupishana kwa ubavu. Alasiri ile ile tahadhari iliondolewa, na barazani vijana wakaanza mzaha kwamba tsunami imepotea njia. Mimi naona waliowaondoa watu ufuoni walifanya sawasawa, kwa kuwa katika dakika za mwanzo mtu huwa na ukubwa na mahali tu, na mwelekeo wa ufa hujulikana baadaye.

Jioni nilimwonyesha Ami kwa karai la maji. Kiganja kilichoinuliwa kwa ghafla kutoka chini kiliyamwaga maji sakafuni. Kiganja kilichoburutwa kwa ubavu, kikiwa kimelazwa chini, hakikuyashtua sana. Alitazama, kisha akauliza swali ambalo mhadhiri wangu angelifurahia: "Na chini kukiwa na jabali limesimama, likenda kwa ubavu halitayasukuma maji?" Litayasukuma, nikamwambia. Sakafu ya bahari ina miteremko yake, na mteremko unaosogea kwa ubavu huyatikisa maji kidogo. Ndiyo sababu Meulaboh, pwani ya Aceh, kulipimwa wimbi la takriban mita moja, ilhali mwaka 2004 pwani hiyo hiyo iliangamia.

Siku zilizofuata nilizitumia kwa matetemeko ya baadaye. Nilianza na rekodi ya kituo cha kupimia matetemeko cha Kilima Mbogo, karibu na Thika: mawimbi ya kwanza ya mtikisiko ardhini, yale ya kusukumana, yalitangulia yale ya kutikisa kwa ubavu kwa dakika saba na ushei, na pengo hilo peke yake linatosha kukadiria umbali wa takriban kilometa 6,200 hadi kwenye kitovu. Kisha nikayahesabu matetemeko ya kila siku kwenye karatasi ya grafu, nikaona mteremko ule ule ambao Mjapani Fusakichi Omori aliueleza mwaka 1894, baada ya kuchunguza yaliyofuata tetemeko la Nobi, Japani, la 1891: idadi hupungua kwa uwiano wa kinyume na muda uliopita, hivi kwamba siku ya kumi huleta kama sehemu moja ya kumi ya yale ya siku ya kwanza.

Lakini kilichonikesha kilikuwa ramani. Nilitarajia vitone vya matetemeko vijipange katika mstari mmoja, kama ilivyo desturi ya ufa wa kupishana kwa ubavu, lakini vyangu vilikataa. Vingine vilielekea kaskazini, vingine vilikata magharibi, na picha nzima ikawa kama msalaba. Baadaye mwaka huo tafiti zilieleza kwamba nyufa zisizopungua nne zilipasuka, zikikutana karibu kwa pembe mraba, na kwamba bamba lile, liitwalo la India na Australia, linagawanyika polepole. Kitabu cha chuo bado kililichora bamba hilo kama kipande kimoja. Nilizitia nyufa zile juu ya ramani yake kwa penseli, ingawa kilikuwa cha maktaba.