Pumu yangu na bitana ya koti

Nauza makoti ya mitumba Karume, Ilala. Kwa miaka minne pampu ya bluu haikutoka mfukoni. Nikifungua belo, vumbi likinipanda, navuta mara mbili, dakika chache kifua kinaachia, biashara inaendelea. Ya kahawia niliyopewa pamoja nayo niliivuta siku tatu, sikuona kitu, nikaitupia kabatini.

Nilijiona naimudu pumu. Kumbe saa tisa usiku niko macho, kifua kinapiga filimbi, na pampu ya mivuto 200 haifiki mwisho wa mwezi.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi mmoja wa makamo. Alipojua kazi yangu akasema, "Mwanangu, shika mkono wa hilo koti lako. Njia zako za hewa ziko hivyohivyo: nje kuna lastiki, ndani bitana. Lastiki ikibana, pampu ya bluu inailegeza. Je, bitana ikivimba na kujaa ute?"

Bitana yangu, alinieleza, inavimbishwa na kinga yangu mwenyewe. Imeyafanya mavi ya wadudu wa vumbi, wale wasioonekana kwa macho, kuwa adui. Nikiyavuta, kingamwili ziitwazo IgE zinaamsha seli zinazomwaga histamini, na njia za hewa zinabana palepale. Saa kadhaa baadaye zinafika chembe nyeupe za damu, na hizo ndizo zinazoacha uvimbe. Ndiyo maana belo la alasiri lilikuwa linanidai usiku! Na uvimbe huo unabaki hata siku ambazo sikohoi. Pampu ya kahawia ina steroidi ya kuutuliza, lakini inataka kuvutwa kila siku, na matokeo yake huja kwa siku hadi wiki.

Jirani alinitisha kwamba steroidi zitanivimbisha uso. Muuguzi akasema dozi ya kuvuta ni ndogo, inakwenda mapafuni, ila nisukutue mdomo kila nikimaliza. Nikapuuza, ulimi ukaota utando mweupe wa fangasi. Sasa nasukutua. Alinionyesha pia kutoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, nikachomeka pampu hapo na kuvutia mdomoni mwa chupa, dawa isiishie kooni.

Wiki ya tatu nililala mpaka adhana.

Belo nalifungulia nje, na barakoa. Pampu ya bluu bado naibeba. Juzi niliitoa, mdomo wake umejaa nyuzi za mfukoni, nikaupangusa kwanza.