Jinsi nilivyomjibu mkaguzi aliyesema uvumbuzi wangu ni dhahiri

Niliomba hataza (haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi) Marekani kwa kikaushio changu cha matunda kinachotumia jua, na jibu la kwanza la ofisi ya hataza lilikataa madai yote, yaani vipengele vinavyotaja ninachotaka kilindwe. Mkaguzi wa ofisi hiyo alichukua hati mbili za zamani, akaziunganisha, akaandika kwamba fundi wa kawaida wa fani hii angeliona jambo hilo dhahiri.

Kabla ya kuanza kukisifia kifaa, nilijiuliza kama mkaguzi ametimiza wajibu wake. Kwa sheria ya kule, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye kwanza. Kesi ya Oetiker ya 1992 iliweka wazi: asipojenga hoja ya awali inayosimama, mwombaji anastahili hataza. Hata baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kulegeza kipimo katika kesi ya KSR mwaka 2007, bado mkaguzi lazima aeleze sababu ya kuunganisha hati. Kusema tu "ni dhahiri" hakutoshi.

Hati ya kwanza ilikuwa ya kikaushio kisicho na feni. Hewa moto hupanda yenyewe na kutokea kwenye dohani. Ya pili ilihusu nafaka, na feni yake husukuma hewa ishuke, kama ilivyo kwangu. Niliisoma ile ya kwanza mstari kwa mstari mpaka nikakuta sentensi aliyoiruka: kifaa kimeundwa kifanye kazi pasipo umeme. Ukitaka hewa ishuke, utaweka feni, na lengo lote la kifaa limekufa. Nikamtajia kesi ya Gordon ya 1984, ambapo kichungi cha damu kilikataliwa kwa hoja ya kupindua kichungi cha petroli. Mahakama iliona kwamba kikipinduliwa hakichuji tena petroli, kwa hiyo kukipindua si jambo la dhahiri.

Kuhusu kihisi cha unyevu cha kifaa changu, kinachofunga tundu la hewa, mkaguzi alisema kinajulikana na wote, bila hati yoyote. Hapo, ndugu yangu, usinyamaze! Ukinyamaza, inahesabiwa umekubali. Nilipinga kwa maandishi, nikaeleza kwa nini kukipachika kati ya trei si jambo la kawaida, nikadai ushahidi.

Katika jibu lililofuata aliondoa pingamizi kwa dai la kwanza na yote yanayolitegemea. Dai la mfuniko wa kioo halikupona. Hoja yake hapo ilisimama, mzigo ukahamia kwangu, nami sikuwa na matokeo ya majaribio ya kuujibu. Nikalifuta.