Bamkubwa, miwani ya VR na foleni ya kivuko cha Busisi

Wazee wetu hawasemi "nina sonona". Wanasema mgongo unauma, usingizi hauji, chakula hakina ladha, na sisi tunakimbia duka la dawa tunarudi na vidonge vya maumivu, wiki inaisha mgongo bado unauma. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 14 ya watu wa miaka 60 na kuendelea wanaishi na tatizo la afya ya akili, na ukiangalia barazani mwako tu utaona hiyo namba haiko mbali na sisi.

Bamkubwa wangu alifanya kazi Mwatex, kiwanda cha nguo hapa Mwanza, miaka mingi, mtu wa kelele za mashine, mtu wa kupanda daladala na kubishana mpira na kila abiria. Kiharusi kikampiga upande wa kushoto, akapona uhai lakini akabaki kwenye kiti pale Nyasaka anaangalia ukuta wa jirani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ukimwamkia "shikamoo bamkubwa" anaitika marahaba, basi, mazungumzo yameisha hapo. Hospitali alikuwa anaenda, mazoezi ya mkono anafanya, dawa za presha anameza. Kilichokuwa kinamla ni kwamba dunia yake imekuwa ya mita nne.

Sasa kwa ambao hawajawahi kuvaa, miwani ya VR (yaani uhalisia pepe) ni kama boksi unalovaa machoni, ndani kuna skrini na lenzi mbili, na ina vitu vya kuhisi kichwa kimegeukia wapi, kwahiyo ukigeuka kulia unaona kilichopo kulia, ukiinua shingo unaona anga. Hiyo ndo tofauti yake na tivii. Tivii unaiangalia, hii inakuzunguka, ubongo unakubali kabisa kwamba upo pale. Na sio kitu kipya kwenye tiba, mwaka 1995 akina Barbara Rothbaum kule Atlanta Marekani walishachapisha utafiti wa kuitumia kwa watu wenye woga wa kwenda juu, wakiwapandisha taratibu kwenye lifti na madaraja ambayo hayapo. Kwa wazee imekuja baadaye. Chuo cha Stanford kilifanya utafiti na watu 245 wenye umri wa miaka 65 mpaka 103 kwenye makazi 17 ya wazee, na wengi walisema walijisikia vizuri zaidi baada ya kuvaa na upweke ulipungua. Mi nafurahi nikisoma hivyo ila naomba tusiruke juu, kujisikia vizuri saa hiyo sio sawa na kupona sonona, na wale wako kwenye nyumba zenye wahudumu na wifi ya uhakika. Mzee ambaye amekataa kula au anasema bora afe, huyo anapelekwa hospitali leo leo, Bugando kuna idara ya afya ya akili, miwani isubiri.

Kwa bamkubwa tulianzia banda la gemu. Kijana mmoja mtaani anayo hiyo miwani, watoto wanalipia wanacheza gemu la kukata maboksi hewani, tukaongea nae akatuazima siku ya kazi ambapo banda linakuwa tupu. Mdogo wangu alikuwa ameshapakua vidio za yutubu za nyuzi 360, zile zinazoonyesha pande zote, maana ukitegemea bando pale pale picha inakwama na mzee anachoka. Tukamweka bamkubwa kwenye kiti chenye mikono, sio kile cha kuzunguka, tukamwambia anachokwenda kuona, tukamvalisha.

Ilikuwa vidio ya nyumbu. Akanyamaza kidogo, shingo ikaanza kuzunguka polepole, halafu akasema kwa sauti kabisa, "Hawa si wa Lamadi hawa?" Akaanza kuhadithia jinsi walivyokuwa wanapita barabara ya Musoma kwenye basi na abiria wote wanahamia madirisha ya upande mmoja kuangalia wanyama, na konda anavyofoka, na ndugu yake mmoja aliyekuwa analima pamba huko huko. Tulishamvua miwani na bado anaongea! Shangazi akatoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi anasikiliza.

Mi naamini dawa yenyewe ilikuwa pale, kwenye yale maneno yaliyofuata. Tangu mwaka 1963 daktari Robert Butler aliandika kwamba mzee kurudi kwenye maisha yake ya nyuma sio kuzeeka vibaya, ni kazi ya akili anayotakiwa kuifanya, kupanga mambo yake. Picha inafungua mlango tu. Ukimvalisha mzee miwani halafu ukaenda kuchati nje, umempa kiti kingine cha kukaa peke yake, tena hiki ni kibaya zaidi maana hata wewe hakuoni. Ile kampuni ya Marekani inaitwa Rendever, iliyoanza 2016, imejengwa juu ya hilo, wazee wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja ili wapate cha kuongea.

Baadae bamkubwa akauliza, "Mwatex haimo humo?" Haimo. Humo kuna Paris, kuna theluji, kuna bahari yenye minazi, mambo mazuri lakini sio yake. Na hapa ndo nataka wenzangu wa Mwanza tuelewane, tukisubiri watu wa mbali waturekodie Kirumba tutasubiri sana.

Mdogo wangu akaazima kamera ya 360 kwa jamaa anayepiga picha nyumba za kuuza, tukaenda kurekodi mwaloni Kirumba asubuhi, wanapanga dagaa na sangara, makelele yote kama yalivyo, halafu tukaenda Kigongo. Bamkubwa ni mtu wa Sengerema. Maisha yake yote kwenda kwao ilikuwa foleni ya kivuko, unaweza ukafika mchana ukavuka usiku, unakula mahindi ya kuchoma na mayai ya kuchemsha mpaka hela ya nauli inaisha. Daraja la Kigongo-Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025 na yeye tayari yuko kwenye kiti. Tukasimamisha kamera ufukweni upande wa Busisi, daraja lote linaonekana. Tulipomvalisha alilikagua daraja weee, nguzo kwa nguzo, halafu akageuka upande mwingine anatafuta kitu. "Kivuko kiko wapi?" Tukamwambia hakina kazi tena bamkubwa. Akakaa kimya, akasema, "Na wale mama wa mahindi je?" Tukaongea kuhusu hao mama wa mahindi mpaka magharibi.

Lakini kuna bibi jirani yetu alisikia habari akaja na yeye ajaribu. Shangazi akamuuliza kwanza, bibi unataka uone nini, tuna ziwa, tuna soko, tuna wanyama. Akasema, "Chochote mwanangu, maji usinionyeshe." Kijana wake alikuwa kwenye meli ya MV Bukoba ilipozama. Wa hapa mnajua, tarehe 21 Mei 1996, walikufa zaidi ya watu 800, wengi wamelala makaburi ya Igoma, na wengine hawakuonekana kabisa. Fikiria mtu kama huyo umfungie macho kwenye boksi kisha umzungushie Ziwa Victoria pande zote, kwa nia nzuri kabisa, eti mandhari tulivu. Kwa mtu wa Oslo maji ni utulivu, kwa wazee wengi wa mji huu maji yana majina ya watu. Kuna wataalamu wanaotumia VR kumsaidia mtu akabiliane na kitu kilichomuumiza, ila hiyo ni kazi ya mtaalamu, hatua kwa hatua, sio kazi ya mpwa mwenye miwani ya kuazima. Bibi aliangalia nyumbu akacheka sana.

Ya mwili nayo usiyapite haraka. Kizunguzungu kinakuja pale macho yanaposema tunatembea na sikio la ndani linasema tumekaa, kwahiyo vidio iwe imetulia, kamera haitembei, na dakika tano mpaka kumi zinatosha kwa kuanza. Miwani aina ya Quest 2 ina uzito wa kama nusu kilo, kwa shingo ya mzee wa miaka 78 hiyo sio mzaha, ishikilie kwa mkono kama inamlemea. Mwenye kifafa au kizunguzungu cha mara kwa mara, muulize daktari kwanza. Mwenye mtoto wa jicho ataona ukungu, atadhani ameharibu yeye, mweleze. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza akashindwa kujua lipi ni la kweli, huyo shika mkono wake muda wote na uongee nae. Futa kile kisponji cha usoni kabla ya mtu mwingine kuvaa. Na hata boksi la kadibodi la kuweka simu linafaa, ila hakikisha simu yako ina jairoskopu, kile kifaa cha kuhisi simu imegeukia wapi, nyingi za bei chee hazina na picha haigeuki na kichwa.

Kwenye kurekodi tumejifunza kuweka kamera usawa wa macho ya mtu aliyekaa, isimame hapo, muiache ipige muda mrefu bila kuongea. Sasa hivi orodha ya bamkubwa ina geti la Mwatex, stesheni ya Mwanza na ngoma ya bugobogobo kule Bujora, na bibi anataka mashamba ya mpunga ya Magu wakati wa kuvuna. Mwenye kamera ya 360 hapa mjini na anaweza kutuazima wakati wa mavuno, tuwasiliane, mafuta ya gari na chakula ni juu yetu.