Nilivyopima chumvi inavyopunguza kasi ya ioni ndani ya gliserini

Chumvi ikiyeyuka katika gliserini hugawanyika kuwa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) na hubadilisha mnato, yaani ukinzani wa kimiminika kutiririka, lakini joto na maji huubadilisha zaidi, kwa hiyo nilianza kudhibiti hayo mawili. Gliserini safi ina mnato wa takriban paskali-sekunde 1.41 kwenye 20 °C na 0.94 hivi kwenye 25 °C: kila digrii inapunguza karibu asilimia 8. Ikiwa na maji asilimia 5 tu, mnato kwenye 20 °C unashuka hadi 0.52 hivi. Kwa unyevu wa hewa ya pwani, chupa iliyokaa wazi siamini tena. Naikagua kwa refraktomita, kifaa kinachopima jinsi kimiminika kinavyopinda mwanga: iliyo safi husoma 1.474 kwenye 20 °C, na kila asilimia moja ya maji inashusha karibu 0.0015.

Niliandaa chupa tatu za gramu 500. Ya kwanza nilitia gramu 14.6 za kloridi ya sodiamu, ya pili gramu 10.6 za kloridi ya lithiamu, yaani kila moja moli 0.5 kwa kilo (moli ni kipimo cha idadi ya chembe). Ya tatu haikuwekwa chumvi, ila ilipashwa moto na kukorogwa sawasawa na nyingine. Bila hiyo huwezi kujua kama badiliko limeletwa na chumvi au na maji yaliyoingia au kutoka. Chumvi zikaushwe kwanza kwenye tanuri, hasa ya lithiamu, maana hunyonya maji haraka mno. Koroga kwa sumaku, polepole, kwenye 80 °C, chupa ikiwa imefunikwa. Ukiharakisha, viputo vitajaa na havitoki kirahisi. Iache kwenye 50 °C usiku kucha.

Mnato nilipima kwa gololi za chuma za kipenyo cha milimita 1 katika silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 40, alama mbili zikiachana sentimita 20. Kwenye 25 °C gololi hutumia karibu dakika moja katika gliserini safi. Ya milimita 2 hupita kwa sekunde 15 hivi, na hapo kuchelewa kwa kidole kwenye saa kunaharibu kipimo. Lowesha gololi kwa kimiminika kilekile, iachie chini ya uso kwa kibano, katikati kabisa. Kanuni ya Stokes, inayotoa mnato kutokana na kasi ya gololi inayozama, inahitaji masahihisho kwa sababu ukuta wa silinda huichelewesha gololi, hapa karibu asilimia 5. Silinda ikae kwenye maji ya 25 °C saa nzima au zaidi, kwani kimiminika kizito huchelewa kupata joto sawa kote.

Upitishaji umeme upimwe kwenye sampuli ileile. Sahihisha mita kwa myeyusho wa kloridi ya potasiamu wa moli 0.01 kwa lita, unaosoma mikrosimensi 1413 kwa sentimita kwenye 25 °C. Kisha zima fidia ya joto ya mita, yaani marekebisho ambayo mita hujifanyia kulingana na joto. Hili wengi hulisahau: fidia hiyo kwa kawaida huwekwa karibu asilimia 2 kwa digrii, kwa ajili ya maji, wakati gliserini inahitaji mara kadhaa zaidi.

Sodiamu na lithiamu zote huongeza mnato: ioni ndogo hushika oksijeni za molekuli kadhaa za gliserini na kuzizuia kugeuka. Si kila chumvi hufanya hivyo. Wanakemia Jones na Davis walionyesha kwamba chumvi za rubidiamu huupunguza mnato wa gliserini.

Usitazame upitishaji peke yake. Ukiongeza chumvi, ioni zinaongezeka lakini kila moja inakwenda polepole zaidi, hivyo upitishaji unaweza kupanda, ukafika kilele, kisha ukashuka. Gawanya upitishaji kwa ukolezi wa chumvi (moli kwa ujazo), halafu zidisha kwa mnato. Hiyo ndiyo hesabu ya kanuni ya Walden. Jibu likibaki karibu palepale, ioni zinacheleweshwa na mnato. Likishuka kadiri chumvi inavyozidi, shuku kwamba ioni zinashikana jozi, jambo rahisi katika gliserini kwa kuwa kipeo chake cha dayalektriki, yaani uwezo wa kudhoofisha mvutano kati ya chaji, ni 42 hivi, cha maji 78.

Silinda ioshwe kwa maji ya moto, kisha ethanoli, ikauke kabisa kwenye tanuri kabla ya sampuli inayofuata.