Jinsi nilivyoondoa weupe kwenye zege lililopakwa sila

Ua ulioshwa kwa mashine ya presha jioni, ukapakwa sila ya akriliki (kimiminika cha kukinga zege, hii ikiwa ya thina) kesho yake. Baada ya saa chache ukatoka mabaka meupe kama maziwa: zege lilikauka juu tu, maji yakabaki ndani. Kuongeza koti jingine kungezidi kuyafungia.

Nilisubiri siku kavu, nikapitisha rola yenye thina ya zailini (kiyeyushi kikali), koti jembamba, kipande kwa kipande. Sila ya thina huyeyuka tena, unyevu ukatoka, weupe ukapotea. Sila ya maji haiponi hivyo. Vaa barakoa ya kemikali, na moto wowote uzimwe kabisa!

Kabla ya kupaka, bandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45, kingo zote kwa tepu, iache kwa saa 16. Ukikuta umande chini yake, ngoja.