Mama na meno yake mapya

Mwaka jana mama alimaliza kung'olewa meno ya juu. Nilidhani tabu itakuwa kula tu. Kweli, muwa na mahindi ya kuchoma aliviaga, nyama ikawa ya kusaga. Lakini kilichoniuma zaidi ni kuacha kwenda kwenye shughuli za watu. Akicheka anajiziba mdomo kwa mtandio. Simu hapokei, maana "f" na "v" zinamtoka upepo mtupu na watu wanamwambia arudie.

Sasa ana meno ya bandia, yale ya kuvaa na kuvua. Mwanzoni yalimchubua fizi, akayafungia kabatini (mama yangu na hasira zake!). Daktari akayachonga palipobana, yakakaa. Akatueleza kuwa jino likitoka, mfupa wa taya hupungua taratibu, kwa hiyo yatalegea na itabidi yarekebishwe. Usiku anayavua na kuyalaza kwenye maji ya kawaida. Ya moto huyapinda. Chapati anakata vipande vidogo, anatafuna pande zote mbili ili yasinyanyuke.

Ya kupandikiza kwenye mfupa tuliulizia bei. Tukashukuru, tukaaga.