Msichana wa Vermeer kwa vizibo vya soda: nilivyopata rangi ya ngozi

Nilipotaka kuunda kwa vizibo picha ya msichana wa Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, fundi mmoja wa mabango aliniambia, "Kaka, vipige rangi vizibo, vigongee, kazi imeisha." Sasa kama ni kupaka rangi, vizibo vya nini? Si ningechora tu? Vik Muniz, yule msanii Mbrazili, alimtengeneza Mona Lisa kwa siagi ya karanga na jamu mwaka 1999, na utamu wake ni kwamba rangi ile ni ya siagi yenyewe.

Kati ya picha zote nilimchagua huyu msichana wa Vermeer mwenye hereni ya lulu kwa ajili ya kilemba chake cha buluu. Buluu hapa Dar hainunuliwi, vifuniko vya chupa za maji vimejaa mitaroni. Ila picha halisi ina sentimita 44.5 kwa 39 tu. Kwa kipimo hicho hata vizibo 200 haviingii, uso utautoa wapi? Chukua plaiwudi nzima. Hiyo ndiyo iliyoniumiza mfuko, pamoja na guta la kuibeba. Vingine ni hela ya vocha.

Kasheshe ilikuwa ngozi. Vizibo vya bia vya dhahabu vilimpa homa ya manjano, dada akauliza anaumwa nini. Kisha nikaokota kizibo ufukweni Kigamboni, kimeshika kutu, nikakiweka shavuni. Aisee! Nikavikwaruza vingine kwa msasa, maana bila hivyo kutu haishiki, nikavitosa kwenye ndoo za siki na chumvi, kisha juani. Ukivitoa mapema unapata rangi ya chai ya maziwa, hiyo ni paji la uso. Vikichelewa vinakuwa hudhurungi, ndiyo shingo. Usiku nilikuwa navichungulia kwa tochi, majirani wakajua nafuga kambale. Maliza kwa vanishi, la sivyo kila anayemgusa anaondoka na shavu lake.

Gundi ya moto inaachia juani. Tumia misumari midogo.

Lulu ya dukani nayo niliijaribu, ikawa chunusi. Vermeer mwenyewe hakuchora hata kindoano cha hereni: ni mguso mweupe juu, na mwanga wa kola ya nguo yake chini. Vizibo vichache vilivyogeuzwa upande wa fedha vilitosha.

Nyuma nimeweka kijani, na wajuaji wananisahihisha kwamba ni nyeusi. Waende Mauritshuis, makumbusho yenye picha halisi kule The Hague, Uholanzi: uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha palikuwa na pazia la kijani, likafifia. Mimi nimemrudishia pazia lake.